Gemu Gani, Saa Ngapi: Tuliyojifunza Kwenye Marathoni ya Saa 24 Ngamiani

Orodha ya kwanza ilikuwa na magemu 31. Iliandikwa kwa kalamu nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, kila mtu akitaja lile analolipenda, na ilipendeza kuisoma. Saa 24 za kucheza na kurusha mubashara mtandaoni zilipokwisha yalikuwa yamechezwa 11. Yale 20 hayakuwa mabaya. Mengine yalikosa waya, mengine yalikosa mtandao wa kuyabeba, na mengi yalikosa saa ya kukaa. Ukianza kupanga marathoni kwa kuuliza "tucheze nini?" utazunguka kama sisi. Anza na saa: saa hiyo mtandao ukoje, nani yuko macho, nani anatazama? Jina la gemu lije baadaye.

Shughuli ilikuwa ya kuchangia madawati ya shule moja ya msingi hapa Tanga. Sebule ya nyumba moja Ngamiani, Ijumaa baada ya Isha, saa 2 usiku, hadi Jumamosi saa 2 usiku. Vifaa vilikuwa PS4 Slim moja, PS2 mbili (ya pili ya akiba, na ilihitajika), laptopu ya Core i5 isiyo na kadi ya picha, TV bapa ya inchi 32 na TV ya chogo ya inchi 21 iliyotolewa stoo. Kurusha tulirusha kwa OBS Studio, programu ya bure ya kurushia picha mubashara, kwenda YouTube. Serikali ya mtaa ilipewa taarifa mapema kwa sababu ya kelele za usiku. Kazi ya nusu saa, na hakuna aliyekuja kugonga mlango.

Mtandao ndio ulioanza kukata majina kwenye kalenda. Kwa wiki nzima kasi ya kupakia ilipimwa mara nne kwa siku, pale pale sebuleni, ruta ya 4G ikiwa dirishani ilipotakiwa kukaa siku yenyewe. Saa 3 usiku, mtaa mzima ukiwa kwenye simu, ilishuka hadi megabiti 3.8 kwa sekunde. Saa 9 usiku laini ile ile ilifika 11. Saa 4 asubuhi ilikuwa 7, alasiri 5. Wengi huona ile namba kubwa wakapangia hiyo. Chukua ndogo kuliko zote, halafu tumia asilimia 70 yake. Inayobaki ni ya mtandao kuyumbia. Asilimia 70 ya 3.8 ni 2.66, na ndiyo maana tukaweka picha ya 720p, yaani nukta 1280 kwa 720, fremu (picha moja moja) 30 kwa sekunde, kilobiti 2,500 za picha na 128 za sauti kila sekunde, kwa mtiririko usiopanda wala kushuka, yaani CBR, na fremu kamili kila baada ya sekunde 2.

Hesabu ya bando inatoka hapo hapo: kilobiti 2,628 mara sekunde 3,600, gawa kwa 8, unapata karibu GB 1.2 kwa saa. Saa 24 ni GB 28 na ushee. Tukanunua GB 40, tukajiona matajiri.

Usiku wa Alhamisi PS4 iliachwa kwenye hali ya kupumzika, ikiwa imeunganishwa na ruta ile ile. Asubuhi bando lilikuwa limepungua GB 14. Gemu la mpira lilikuwa limejishushia apdeti peke yake, kimya kimya, watu wamelala. Dawa yake ni ndogo na inaudhi ukiijua baada ya hasara: ingia kwenye mipangilio ya mfumo ya PS4, zima upakuaji wa kujiendesha, kisha ikifika siku tatu kabla maliza apdeti zote kwa mkono na uiondoe PS4 kwenye mtandao kabisa. Lakini kabla ya kuiondoa hakikisha imesajiliwa kama PS4 kuu ya akaunti, la sivyo magemu yaliyonunuliwa mtandaoni yatagoma kufunguka bila intaneti. Njia ya kujua ni moja: chomoa ruta, fungua kila gemu lililomo kwenye orodha hadi uone mchezo wenyewe, si nembo ya mwanzo. Kwenye laptopu, iambie Windows kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo, nayo itaacha kujishushia mizigo mikubwa, na Steam, duka la magemu ya kompyuta, iweke kwenye hali ya nje ya mtandao.

Tabia ya kilobiti 2,500 nayo inafaa kujulikana kabla ya kuchagua. Picha ya mubashara haitumwi nzima kila fremu. Kinachotumwa zaidi ni kilichobadilika tangu fremu iliyopita. Tekken 5 ya PS2 ina wapiganaji wawili mbele ya mandhari isiyohama sana, kwa hiyo picha inabaki safi hata kwa kilobiti chache. Mbio za magari hubadilisha skrini yote kila mara, lami, majani, ukuta, mashabiki, na kilobiti zikipungua barabara inageuka vipande vya mraba kama vigae vya bafuni. Mpira uko katikati: nyasi hazina shida kamera ikitulia, lakini krosi ndefu ikipigwa mpira wenyewe unapotea machoni.

Limbo ndilo lililotudanganya. Ni gemu la rangi nyeusi, nyeupe na kijivu, tukadhani litakuwa jepesi kuliko yote. Lakini picha yake imepakwa chembechembe zinazocheza muda wote kama filamu ya zamani, na giza lake lina ukungu unaobadilika taratibu. Chembe kwa programu ya kubana picha ni mabadiliko, na kila mabadiliko yanadai kilobiti. Kwenye TV lilikuwa zuri ajabu. Kwenye simu lilikuwa tope.

Kwa hiyo jaribio letu likawa hivi: rekodi dakika 5 za gemu kwa kilobiti zile zile utakazorushia, itume video kwenye simu ya kawaida, ukae barazani mchana, jua likiwaka, simu ukiishika kwa urefu wa mkono. Kama husomi matokeo au huoni damu ya mchezaji imebaki kiasi gani, gemu hilo futa. Watazamaji wa hapa wengi wako kwenye simu, si kwenye TV. Magemu yenye maandishi madogo yalikwisha siku ile moja: ya umeneja wa mpira, ya vita vya kupanga majeshi, yale ya hadithi ndefu za kusoma.

Kisha zikaja waya. Kifaa cha kunasia picha ya HDMI kilinunuliwa shilingi 45,000, kikiwa kimeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Vifaa vya bei hii hupokea picha ya 4K, lakini kinachoingia kwenye kompyuta hakizidi 1080p ya fremu 30, kwa sababu hupitia USB 2.0. Kwa 720p hiyo inatosha kabisa, usidai zaidi. Tatizo lililotula jioni nzima ni jingine. Picha ya PS4 ilikuja nyeusi, tukabadili waya tatu. Kumbe PS4 yenyewe inafunga picha kwa ulinzi uitwao HDCP. Uzime kwenye mipangilio ya mfumo. Picha ikaja, lakini ikawa inaruka fremu 5 kwa sekunde. Kwenye OBS, ndani ya sifa za kifaa, muundo wa video ulikuwa YUY2, ambao haujabanwa na hauwezi kupita USB 2.0 kwa ukubwa ule. Ukichagua MJPEG, ambao umebanwa, picha inatiririka. Mtu wa duka hatakwambia hayo.

PS2 ilihitaji kazi zaidi, na kwa mtaa wetu huwezi kuiacha, maana magemu yanayojulikana na kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha gemu yako humo. Inatoa waya tatu za AV, njano, nyeupe na nyekundu, kwa hiyo unahitaji kigeuzi cha AV kwenda HDMI, nacho kinataka umeme wake wa USB. Kigeuzi huchelewesha picha kidogo. Kidogo hicho hukioni kwenye San Andreas, gemu la magari na magenge; kwenye Tekken unakiona mara moja, unabonyeza kuzuia teke limeshafika. Tuligawa waya za AV kwa viungo vya Y: upande mmoja uende moja kwa moja kwenye TV ya chogo anakotazama mchezaji, mwingine uende kwenye kigeuzi na OBS. Picha ikigawanywa hivyo inafifia pande zote mbili. Kwenye chogo ongeza mwanga kwa rimoti, kwenye OBS ongeza kwa kichujio cha kurekebisha rangi. Mistari kama meno ya kitana inayotokea watu wakikimbia huondoka ukibonyeza chanzo cha picha kwa upande wa kulia na kuchagua Yadif 2x kwenye Deinterlacing. Na usiache picha ya PS2 ivutwe kujaza skrini pana, wapiganaji wananenepa. Ndani ya 1280 kwa 720 iweke 960 kwa 720. Inabaki nafasi ya 160 kila upande, kulia jumla ya michango na lipa namba, kushoto uso wa mchezaji.

Tekken 5 ilishinda nafasi yake kwa sababu nyingine ya kiwaya pia: ndani ya diski hiyo moja kuna Tekken ya kwanza, ya pili na ya tatu, zile za mashine za kuchomeka sarafu. Magemu manne bila kugusa waya wala kufungua mfuniko. Kubadili gemu ndani ya mashine moja kulituchukua dakika 5 hadi 8. Kubadili mashine, na sauti yake, na mpangilio wa OBS, dakika 20, na moja ya 20 hizo ilikula 35. Panga magemu ya PS2 yafuatane, ya PS4 yafuatane, na mpangilio wa kila mashine kwenye OBS uwe umehifadhiwa kwa jina lake.

Laptopu tulitaka irushe na ichezeshe kwa wakati mmoja. Gemu lililokwenda vizuri peke yake lilianza kukwama OBS ilipowashwa, na hapo ndipo wengi husema "mtandao mbovu" wakati mtandao hauna kosa. Fungua dirisha la takwimu la OBS usome. Kuna fremu zilizopotea kwenye mtandao: hizo ni za ruta na bando. Kuna zilizorukwa kwa kuchelewa kubana: hapo kichakato kimezidiwa, hamishia kazi ya kubana kwenye QuickSync ya Intel, sehemu maalumu ya kubana video. Na kuna zilizokosa kuchorwa: gemu limemeza nguvu yote ya picha, lipunguzie fremu. Portal, gemu la mafumbo, kwa mfano, ilitulia tulipoandika fps_max 30 kwenye konsoli yake, yaani dirisha la kuandikia amri. Mengine yote ya kompyuta tuliyaondoa kwenye orodha bila huruma.

Muda wa gemu usikisie kwa kukumbuka. Tovuti ya HowLongToBeat inataja Portal saa 3 hivi, San Andreas hadithi kuu saa 31 hivi. Hizo ni saa za mtu aliyekaa kimya. Anayesoma ujumbe, kushukuru wachangiaji na kujibu utani huongeza theluthi, kwa hiyo Portal tukaipa saa 4. San Andreas huwezi kuimaliza, na gemu lisilomalizika halina fainali ya kumfanya mtu asubiri. Tulichagua misheni kadhaa zinazojulikana, kuanzia ile ya kukimbiza treni kwa pikipiki, ambayo kila mtu ana maoni yake juu ya kosa ni la nani. Redio ya gari ilizimwa kwenye mipangilio ya sauti, nyimbo zake zina wenyewe. Kwa ajili ya matusi yaliyomo iliwekwa saa 5 usiku, watoto wakiwa wamelala. Kosa letu hapo lilikuwa la kusevu: gemu hilo linasevia kwenye nyumba tu, na nyumba tuliyosevia ilikuwa mbali na misheni. Kila waliposhindwa, dakika 4 za kuendesha gari. Walishindwa mara sita.

Kila sevu ilikuwa na nakala. PS2 ina memori kadi ya MB 8. Tulinakili yote kwenye kadi ya pili kupitia menyu ya mashine yenyewe. Sevu za PS4 zilikwenda kwenye flashi. Kadi ya kwanza ilifuta kumbukumbu yake usiku ule ule, pengine kwa kuchomolewa taa ikiwaka.

Sasa ratiba, ambako tuliharibu zaidi. Tekken ilifungua saa 2 usiku, sawa kabisa: mikono iko moto, watu wengi wako mtandaoni, picha nyepesi kwa mtandao mzito. Baada yake tukaweka Gran Turismo 4, ya mbio za magari. Ilipita kwenye jaribio la simu, ndiyo, lakini kwa kurekodi, na pale mtandao hauhusiki. Siku yenyewe kasi ikashuka, na kwa kuwa tuliiruhusu OBS ipunguze kilobiti yenyewe mtandao ukibana, ikashuka hadi karibu 1,200. Barabara ikapotea. Ujumbe wa mtazamaji mmoja: "Kaka, hiyo ni gari au ni tofali?"

Saa 9 usiku tukaweka Portal. Mtandao umefunguka, megabiti 11, na sisi tunarusha vyumba vyeupe visivyosogea. Tena ni gemu la mafumbo, limewekwa mbele ya watu wasiolala tangu alfajiri. Chumba cha 18 kilichukua dakika 50. Mchezaji alikuwa akiangalia ukuta, watazamaji wakimwangalia yeye.

Magemu hayo mawili yangehamishwa saa tu. Gran Turismo 4 ina namna ya kucheza iitwayo B-Spec, ambayo wewe si dereva bali ni meneja: unamwambia dereva akaze, apunguze, aingie kubadili matairi, na unaweza kuharakisha muda. Kazi hiyo anaiweza mtu aliyechoka, mbio ndefu zina mazungumzo ya kutosha, na mtandao wa saa 9 ungebeba kilobiti 4,500 bila kutetemeka. Portal ingekaa asubuhi, watu wamekunywa chai na akili imerudi.

Saa zile za usiku mkubwa kuna watu wa kuiga. Kikundi kimoja cha Victoria, Kanada, tangu 2007 huchangisha fedha kwa kucheza Desert Bus, gemu la kuendesha basi kutoka Tucson hadi Las Vegas kwa saa 8 za kweli, barabara imenyooka, basi linavuta kidogo upande wa kulia ili usiliache peke yake, na ukifika unapata pointi moja. Watu hawaangalii basi. Wanaangalia wenye kuliendesha wakifanya wanachoambiwa na wachangiaji. Ukilijua hilo, usiku unatafuta gemu ambalo halidai macho.

Na wenye hofu ya mtandao wajue kwamba marathoni ya kwanza ya Games Done Quick, wale wanaomaliza magemu kwa kasi ili kuchangisha fedha, Januari 2010, ilipangwa kufanyika kwenye tamasha hotelini, intaneti ikagoma, wakahamia nyumbani kwa mama wa mwandaaji. Sebule si aibu.

Sala tulizipanga mapema. Gemu lolote lililopewa nafasi inayopitiwa na adhana lilikuwa la kusimamishwa kwa kitufe kimoja. eFootball na FC, magemu ya mpira, ukiyacheza mtandaoni hayasimami utakavyo. Ukiacha padi umefungwa magoli. Kwa hiyo mpira wote ulikuwa wa watu waliokaa chumba kimoja, na kila sala ilikuwa na mapumziko ya dakika 20 yenye picha iliyotulia, saa inayohesabu kurudi nyuma, na maiki imezimwa.

FC ilipewa Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi, washiriki 16, mtoano, dakika 6 kila kipindi, fainali saa 8 mchana. Tusingeipeleka jioni: Jumamosi jioni kuna mpira wa kweli, uwanja wa Mkwakwani hapa Tanga au Uingereza, na huwezi kushindana nao. Nyimbo za menyu zilishushwa hadi sifuri. Bango ndilo lililotuumbua. Liliandikwa "Saa 8 Fainali". Ndugu wa Muscat akafungua saa 8 ya huko, asubuhi: "Nyie wagosi, mbona nakuta watu wanakatakata vitunguu?" Ilikuwa Overcooked, gemu la jikoni la watu wanne. Andika "saa 8 mchana, 14:00 Tanga, 15:00 Muscat", hata kama bango litajaa.

Overcooked hiyo ndiyo iliyochangisha vizuri kuliko tulivyodhani. Kila hatua ni dakika chache, wapishi wanne wanagombana kweli, na mchango wa shilingi 2,000 ulikuwa unabadilisha nani ashike padi ipi. Magemu ya namna hiyo, yenye maamuzi ya mara kwa mara, yanafaa kuliko yenye picha nzuri. Kumbuka tu kwamba mtazamaji yuko nyuma yako kwa sekunde kadhaa, na mtandao wetu ulipomlazimu kuweka akiba ya picha zilifika 30. Usimwambie achague kona ya penalti wakati mpigaji ameshaanza kukimbia. Acha dakika nzima.

Padi za PS4 zilidumu saa 5 kila moja. Nne zinatosha kama mbili zinacheza na mbili ziko kwenye chaji, lakini Overcooked inazitaka zote nne, kwa hiyo saa moja kabla ziwe zimejaa. Kwa PS2 tafuta padi za waya mbili za ziada, vitufe huzama jasho likiingia. Tanga ya Machi si ya mchezo: PS4 iliachiwa sentimita 15 nyuma na pembeni, feni la sakafuni likielekezwa kwake badala ya kuelekezwa kwa watu. PS2 ya kwanza ilianza kushindwa kusoma diski saa 7 usiku, leza imechoka kwa joto, ndipo ya akiba ikaingia.

Sauti ya jirani hatukuipanga. Jumamosi alasiri kulikuwa na harusi mtaa wa pili, taarabu inasikika hadi barabarani, na maiki yetu ya mezani ilikuwa ya ile aina inayonasa hata kijiko jikoni. YouTube ikatambua wimbo na kutupa onyo kwamba picha itaondolewa. Tulihamia maiki ya headifoni iliyo karibu na mdomo, tukaweka kwenye OBS kichujio cha kukata kelele na kingine cha kufunga maiki mtu asipoongea. Onyo likaondoka. Siku ya kupima sauti, fungua redio dirishani.

Umeme ulikatika mara moja, saa 12 na dakika 10 jioni. UPS (betri ya dharura) ya VA 650 ilikuwa inabeba kila kitu: PS4, TV, laptopu, ruta, zaidi ya wati 200. Betri yake ndogo ilivumilia dakika 9. Kijenereta kikawashwa, lakini UPS ikaukataa umeme wake usiotulia, ikawa inarudi kwenye betri na kutoka, tik, tik, tik. Ruta na laptopu peke yake vingekaa na UPS ile zaidi ya saa moja, kwa sababu laptopu ina betri yake na ruta haili kitu. PS4 na TV vizimike, si neno. Wakati huo gemu la akiba halihitaji umeme: ubao wa drafti mezani, kamera ya laptopu inauangalia, tochi ya simu juu. Wazee wawili waliokuwa wamekuja kuangalia wajukuu walicheza dakika 40, na michango haikusimama.

Mengine ni ya kupita tu. Akaunti mpya ya YouTube ikiomba ruhusa ya kurusha inaweza kusubiri hadi saa 24, omba wiki moja kabla. Matangazo yanayozidi saa 12 usitegemee yahifadhiwe, gawa. Sisi tuligawa vipande vitatu vya saa 8. Vinne vya saa 6 vingekuwa bora, maana kila mwanzo wa kipande ni nafasi ya kubadili kilobiti kulingana na mtandao wa saa hizo. Ukifanya hivyo, kipande cha saa 8 usiku hadi saa 2 asubuhi kwa kilobiti 4,500 kitakula GB 12.5, na jumla ya bando ni karibu GB 34.

Gharama, bila ya vitu vya kuazima: kifaa cha kunasia 45,000, kigeuzi cha AV na viungo vya Y 23,000, swichi ya HDMI ya matundu matatu 25,000, bando pamoja na lile la kuziba pengo la GB 14 lilikuwa kubwa kuliko vyote hivyo kwa pamoja, na petroli lita 4.

Kalenda ile ya magemu 31 sasa ina safu mbili. Ya kushoto ni dakika tulizopanga, ya kulia ni zilizokwenda. Tekken 90, ikala 130. Gran Turismo 90, ikakatizwa 55. San Andreas 120, ikala 170. Portal 240, haikumalizika. Overcooked 60, ikaombwa iendelee hadi 105. Drafti haikuwa na namba kushoto. Kalenda iko ndani ya boksi la waya, kila waya umefungwa karatasi yenye jina lake.